Msimu Una Mwisho, Nyumba Haina Msimu

Kuna neno moja linalosemwa katika nyumba nyingi zetu, nalo ni jepesi ulimini lakini zito mizanini. Neno lenyewe ni hili: "Ngojeni nimalize." Mvuvi husema ngojeni kaskazi iishe. Mwenye duka husema ngojeni nifunge hesabu za mwaka. Mwalimu, nami ni mmoja wao, husema ngojeni watoto wapite mtihani wao. Mke hungoja na watoto hungoja, na kazi hiyo ikimalizika hujitokeza nyingine nyuma yake, na lile neno husemwa tena kama kwamba halijapata kusemwa kabla.

Leo napenda kuwasimulieni habari za mtu wa nchi ya mbali, ambaye kazi yake ilikuwa na sababu nyingi za kusema "ngojeni" kuliko kazi zetu. Alikuwa mwalimu wa mpira wa kikapu katika chuo kikuu cha Marekani. Huenda msomaji akauliza: Sisi na mpira wa kikapu tuna nini? Jawabu ni kwamba mchezo si mradi wetu. Mradi wetu ni yule mtu, nyumba yake, na namna alivyogawa siku yake kati ya kazi na wale waliokuwa wakimngoja mezani.

KAZI YA MWALIMU WA MCHEZO

Kwanza yafaa tuifahamu kazi yenyewe. Vyuo vikuu vya Marekani hushindana katika mpira wa kikapu tangu Novemba mpaka Machi, na fainali ya taifa huchezwa mara nyingi katika siku za mwanzo za Aprili. Mashindano hayo ya mwisho, kwa upande wa wanaume, siku hizi huingia timu 68. Timu ikishindwa mara moja tu, imekwisha, na wachezaji hufunga mizigo yao wakarudi makwao. Maana yake ni kwamba katika walimu 68 wanaoingia humo, 67 humaliza msimu wao kwa kushindwa, na mmoja peke yake ndiye alalaye usiku huo kwa furaha.

Basi fikirini hali ya nyumba ya mtu kama huyo. Mchana yuko mazoezini, usiku anachunguza michezo ya wapinzani wake, mwisho wa juma yuko safarini. Tena wachezaji wake ni wanafunzi, ambao baada ya miaka michache humaliza masomo wakaondoka, kwa hivyo kila mwaka hana budi kutafuta vijana wengine. Huenda majumbani mwao, akakaa na wazazi wao, akawaahidi kuwalea watoto wao vyema, na huku watoto wake mwenyewe wamekwisha lala bila ya kumwona.

Kuna mwalimu mashuhuri wa Chuo Kikuu cha Duke, jina lake Mike Krzyzewski. Oktoba 1994 alipasuliwa mgongo, akarudi kazini kabla hajapona sawasawa. Ilipofika Januari 1995 mwili ulikuwa umechoka kabisa, lakini yeye hakutaka kukiri. Mkewe, Bibi Mickie, akamwambia kwamba siku hiyo aende kwa daktari katika saa ile ile ya mazoezi, na kama hakwenda, basi nyumbani pia asirudi. Bwana huyo akatii. Hakufundisha tena msimu ule, na timu yake ikaumaliza kwa kushinda mara 13 na kushindwa mara 18. Lakini mtu mwenyewe alipona, akaendelea na kazi mpaka mwaka wa 2022, na baada ya ugonjwa ule akapata ubingwa wa taifa mara tatu, zaidi ya mara mbili alizokuwa nazo kwanza. Wako wanaume wengi ambao hawajui kwamba msimu wao umefika mwisho mpaka waambiwe na wake zao.

BWANA WOODEN NA BIBI NELL

Sasa tuje kwa mtu wetu. Jina lake John Wooden, aliyezaliwa tarehe 14 Oktoba 1910 katika jimbo la Indiana, mtoto wa mkulima. Alipokuwa bado mwanafunzi wa skuli alimpenda msichana aitwaye Nellie Riley, ambaye watu walimwita Nell. Yasemwa kwamba Nell alijiunga na bendi ya skuli na kushika tarumbeta, ingawa hakuwa mpigaji hodari, kwa sababu wapigaji bendi walikuwa wakikaa mahali pazuri pa kumtazama John akicheza. Tangu siku zile wawili hao walikuwa na ada moja. Kabla mchezo haujaanza, John hugeuka akamtafuta Nell kwa macho, akamwonyesha kidole gumba na kidole cha shahada vikiwa vimeungana duara, kama kusema, "Mambo yako sawa." Nell naye humrudishia alama ile ile. Ada hiyo haikukatika muda wote John alipokuwa mchezaji, wala alipokuwa mwalimu na kichwa chake kimeingia mvi.

Waliazimia kuoana Agosti 1932, wakati Marekani ilipokuwa katika shida kubwa ya uchumi. Siku chache tu kabla ya arusi, benki aliyoweka akiba yake ikafunga milango, na dola 909 alizozichanga kwa jasho zikapotea. Walioana hivyo hivyo tarehe 8 Agosti, kwa fedha za kukopa. Wakapata watoto wawili, binti na mwana. John alifundisha lugha ya Kiingereza na michezo katika skuli, akaingia jeshi la majini wakati wa vita, kisha mwaka wa 1948 akaajiriwa na Chuo Kikuu cha California kilichoko Los Angeles, kijulikanacho kwa mkato kama UCLA.

Wala msidhani kwamba alipokewa kwa mazulia. Mshahara wake wa kwanza ulikuwa dola 6,000 kwa mwaka. Ukumbi wa mazoezi ulikuwa mdogo na wa zamani, na wachezaji wake waliutumia pamoja na watu wa mieleka na wa sarakasi za viungo. Mara nyingi mwalimu mwenyewe alishika ufagio akasafisha sakafu kabla vijana hawajaanza. Katika miaka ya mwanzo alifanya na kazi nyingine asubuhi katika kampuni ya maziwa, akipanga safari za magari, ili nyumba ipate kujitosheleza. Yeye na mkewe walikuwa wakiutamani mkoa wao wa kwao, mbali na Los Angeles. Baada ya miaka miwili chuo alichosomea, Purdue, kilimwita arudi, na moyo wake ulipenda kurudi. Lakini wakubwa wa UCLA wakamkumbusha kwamba ni yeye mwenyewe aliyetaka mkataba wa miaka mitatu. Akanyamaza, akabaki kwa ajili ya neno lake. Na neno hilo alilolitoa mume, mke na watoto walilishika pamoja naye.

MAZOEZI YA SAA MBILI TU

Ubingwa wa taifa haukuja upesi. Bwana Wooden alifundisha UCLA misimu 15 bila ya kuupata, na alipoupata mara ya kwanza ilikuwa msimu wake wa 16, tarehe 21 Machi 1964, katika mji wa Kansas City, walipowashinda Duke kwa 98 kwa 83. Ishikeni tarehe hiyo ya 21 Machi, maana tutairudia.

Tangu hapo mlango ukafunguka. Katika misimu 12 UCLA ilitwaa ubingwa mara 10, na kati ya hizo mara saba zilikuwa mfululizo, tangu 1967 mpaka 1973. Ilishinda michezo 88 bila ya kushindwa hata mmoja, mpaka Januari 1974.

Mtu angedhani kwamba mwalimu wa namna hiyo alikuwa halali, na kwamba aliwafanyisha vijana wake kazi mpaka usiku wa manane. Sivyo. Mazoezi yake yalikuwa ya muda wa kama saa mbili mchana, na saa ikitimia, yamekwisha. Siri ilikuwa katika matayarisho. Kila asubuhi yeye na wasaidizi wake walikaa muda mrefu wakipanga yale mazoezi ya saa mbili, dakika kwa dakika, wakayaandika katika vikaratasi vidogo vya kutia mfukoni. Siku ya kwanza ya mwaka aliwafundisha vijana wakubwa namna ya kuvaa soksi na viatu, akawaonyesha kwamba kunjo moja la soksi huleta lengelenge, na lengelenge humtoa mchezaji uwanjani. Hakuwaruhusu kutukana. Wala hakuwahimiza kwa maneno ya kushinda. Aliwataka kila mmoja afanye kwa kadiri ya uwezo wake, kisha alale na moyo mtulivu.

Kwa kuwa kazi ilipangwa, kazi ilikuwa na mpaka, na kwa kuwa ilikuwa na mpaka, nyumba ilipata haki yake. Hakupenda kusafiri mbali na kuiacha jamaa yake kwa ajili ya kuwabembeleza vijana waje chuoni kwake. Hapo ndipo penye funzo kubwa, nami kwa kuwa ni mwalimu nalikiri kwa haya. Wengi wetu tunaochelewa kazini hatuchelewi kwa wingi wa kazi, bali kwa uchache wa mpango. Yale ambayo yangemalizika alasiri tunayapeleka mpaka usiku, kisha tunawaambia watu wa nyumbani, "Mnaona jinsi ninavyotaabika kwa ajili yenu?"

Katika wanafunzi wake yumo mmoja ambaye wasomaji wengi wanamjua, naye ni Kareem Abdul-Jabbar, ambaye zamani aliitwa Lew Alcindor. Aliichezea UCLA tangu 1966 mpaka 1969, na mwaka wa 1968, alipokuwa bado mwanafunzi wa chuo hicho, akaingia katika Uislamu. Mwalimu alikuwa Mkristo mwenye kushika dini yake, na kijana akashika njia nyingine, lakini heshima baina yao haikupungua, bali iliongezeka kwa miaka. Mwaka wa 2017 Kareem aliandika kitabu kizima juu ya urafiki wao uliodumu miaka hamsini. Mwalimu aliyejua kuwa baba nyumbani alijua pia kuwa baba kwa watoto wa watu.

SIKU YA MWISHO

Lakini tusiifanye hadithi hii tamu kuliko ilivyokuwa. Ushindi nao una adhabu yake. Kadiri UCLA ilivyoshinda, ndivyo watu walivyozidi kudai. Wakati walipokuwa hawana kitu, ushindi mmoja uliwafurahisha. Walipozoea kupata vyote, kushindwa kidogo kuliwakasirisha. Desemba 1972 Bwana Wooden akapatwa na maradhi ya moyo. Mwaka wa 1974 timu yake ikatolewa katika nusu fainali, na wako walioona kama kwamba wamedhulumiwa.

Ikafika tarehe 29 Machi 1975, mjini San Diego, nusu fainali juu ya timu ya Louisville, ambayo mwalimu wake, Denny Crum, alikuwa mwanafunzi wa Bwana Wooden na kisha msaidizi wake. Mchezo ulikwenda mpaka muda wa nyongeza, UCLA ikashinda kwa 75 kwa 74. Baada ya kupeana mikono, Bwana Wooden alitakiwa akaseme na waandishi wa magazeti, kama alivyofanya miaka yote. Akahisi moyoni jambo ambalo hakupata kulihisi kabla, kwamba hataki kwenda. Hapo akajua kuwa wakati wake umefika. Akaingia chumbani walimokuwa wachezaji wake, akawaambia kwamba mchezo wa keshokutwa utakuwa wa mwisho kwake. Alikuwa na umri wa miaka 64.

Tarehe 31 Machi wakawashinda Kentucky kwa 92 kwa 85, na huo ukawa ubingwa wa kumi. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba mtu mmoja katika wafuasi wa timu alimjia kumpongeza, akamwambia kuwa mwaka uliopita aliwaangusha, lakini sasa amelipa. Tazameni, enyi ndugu! Ubingwa mara kumi, na bado yuko mwenye kumdai. Anayeitoa nyumba yake sadaka kwa ajili ya sifa za watu na ajue kwamba anawapa wadai wasiojua kusema, "Yatosha."

BARUA ZA TAREHE 21

Baada ya kuacha kazi, Bwana Wooden na Bibi Nell walikaa pamoja miaka kumi. Haikuwa miaka ya raha tupu. Mwaka wa 1982 Bibi Nell alipasuliwa nyonga, na katika upasuaji huo moyo wake ukapata shida, akapoteza fahamu karibu miezi mitatu. Mumewe alikuwa akikaa kando ya kitanda siku nzima, akimshika mkono na kusema naye bila ya kujibiwa, mpaka siku moja mkono ule ukambana kidogo. Bibi akazinduka. Mwaka wa 1984, mashindano ya timu nne za mwisho yalipofanyika mjini Seattle, walikwenda wote wawili, yeye katika kiti cha magurudumu na mumewe akikisukuma.

Tarehe 21 Machi 1985 Bibi Nell alifariki dunia. Tarehe ni ile ile, ndugu wasomaji. Siku ambayo miaka 21 nyuma ilikuwa ya ubingwa wake wa kwanza, ndiyo siku aliyobaki mgane.

Kwa muda mrefu watu wake walimhofia, kwa jinsi alivyojifungia na huzuni yake. Kilichomtoa ni kuzaliwa kwa kitukuu wake wa kwanza. Lakini kila mwezi, ikifika tarehe 21, alikwenda kaburini kwa mkewe, kisha akarudi nyumbani akamwandikia barua, akaiweka juu ya mto wa Bibi Nell pamoja na zile za miezi iliyopita. Alifanya hivyo kwa miaka na miaka, mpaka macho yake yalipopungua nguvu katika siku zake za mwisho. Yale mashindano ya mwisho wa msimu, ambayo walikuwa wakihudhuria pamoja kila mwaka, akaacha kabisa kuyaendea, kwa kuwa hakuweza kuketi penye kiti kitupu ubavuni mwake. Mwaka wa 1995, UCLA ilipofika tena fainali mjini Seattle, ndipo aliposhawishiwa akaenda.

Mwaka wa 2003 chuo kilipotaka kuuita uwanja wake kwa jina lake, alikubali kwa sharti moja, kwamba jina la mkewe litangulie. Hata leo uwanja huo unaitwa wa Nell na John Wooden. Mwenyewe alifariki tarehe 4 Juni 2010, akiwa na umri wa miaka 99, ameacha watoto wawili, wajukuu saba na vitukuu kumi na watatu.

NENO KWETU SISI

Siku hizi kazi hiyo imezidi kuwa ngumu. Tangu mwaka wa 2021 wachezaji wa vyuo vya Marekani wamepata uhuru mkubwa wa kuhama kutoka chuo hiki kwenda kile, na wa kupata fedha kwa majina yao, na kwa hivyo mwisho wa msimu si mapumziko tena, bali ni mwanzo wa mbio nyingine. Tony Bennett wa Chuo Kikuu cha Virginia, aliyetwaa ubingwa mwaka wa 2019, aliacha kazi Oktoba 2024 akiwa na miaka 55, wiki chache tu kabla msimu haujaanza. Msimu usio na mwisho haumwachi mtu hata kuvuta pumzi.

Lakini je, sisi tusiocheza mpira hatuna msimu wa namna hiyo? Napenda kumaliza kwa jambo langu mwenyewe, si kwa kujisifu, maana halina sifa.

Mke wangu ana dada yake aliyekuwa akikaa Pangani, nasi tunakaa mbali kidogo na huko. Mwaka mmoja aliniomba nimpeleke kumtazama, akanunua na doti ya kanga ya kumpelekea. Nikamwambia, "Ngoja mtihani wa watoto upite." Ukapita, ikaja Ramadhani. Ikapita, wakaja wanafunzi wapya. Mwaka wa pili nilisema vivyo hivyo, na wa tatu pia. Katika mwaka huo wa tatu tulikwenda Pangani kwa haraka sana, wala hapakuwa na mtihani uliotuzuia, kwa kuwa tulikwenda kuzika. Mke wangu hakunilaumu hata kwa neno moja. Ile doti ya kanga aliikunja akaitia ndani ya kasha, nayo ingali humo haijakatwa, na mimi kila nionapo kasha lile likifunguliwa hutazama pembeni.

Kwa hivyo, ndugu yangu mwenye nyumba, ipangie kazi yako mpaka kama yule mwalimu alivyoyapangia mazoezi yake, na saa ikitimia, funga daftari. Na kabla mchezo wa siku haujaanza, geuka kidogo, umtafute kwa macho yule aliyeketi akikutazama, umpe alama kwamba umemwona. Mtihani utakuja tena mwakani, na kaskazi itavuma tena. Aliyekwambia "nipeleke," mpeleke wiki hii.